Binti yangu hupanga vizibo na haitiki akiitwa: je, ni usonji?

Msomaji wetu wa Kisauni, Mombasa, ameandika kuhusu binti yake wa miaka minne na nusu, ambaye hupanga vizibo vya soda kwa rangi kando ya ukuta, huziba masikio na kulia tuktuk zikipiga honi, haitiki akiitwa jina, na akiulizwa "Unataka uji?" hujibu "Unataka uji?" Mwalimu wa chekechea amesema huenda ni usonji, mama mkwe anasema ni jicho la watu, mume anataka wangoje, naye mama anahofia kwamba chanjo ya surua ndiyo iliyomdhuru.

Mama mwenzangu, nianze na hilo la chanjo, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Ulipompeleka kliniki ulimkinga mwanao, hukumdhuru. Utafiti wa mwaka 1998 uliozusha hofu hiyo kule Uingereza ulihusu watoto 12 tu, na jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2010. Usonji hauletwi na chanjo wala na malezi. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua, na mara nyingi asili yake ni ya kurithi.

Kama kweli ni usonji, mimi siwezi kukuambia. Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha: wataalamu humtazama mtoto anavyocheza na kuwasiliana, kisha humhoji anayeishi naye, kwa hiyo ushahidi wako ni mzito kuliko unavyodhani. Andika katika daftari unayoyaona, pamoja na siku na mahali, uende nalo kliniki ya watoto katika hospitali kuu ya umma iliyo karibu nawe, na uombe kwanza apimwe masikio, maana mtoto asiyeitika huenda hasikii vyema hata kama honi humuumiza. Kwa upande wa shule, ulizia kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984.

Mumeo mweleze kwa upole kwamba wasichana ndio huchelewa kutambuliwa, kwa kuwa wengi huiga wenzao, na mtoto wa kike akinyamaza sisi husema ana haya. Msaada nao haungoji hali yake ipewe jina. Binti yako anaporudia swali lako, huenda anakuambia ndiyo. Basi mtamkie maneno ambayo angeyatumia yeye, "Nataka uji", kisha mpe bakuli papo hapo, hata kama hakuyarudia.

Mama mkwe usigombane naye. Dua ya bibi kwa mjukuu ni mapenzi, iache. Lakini kumfukiza, au kumshika kwa nguvu mbele ya watu, kataa kwa heshima na bila kuyumba, na mumeo awe ubavuni mwako unapokataa, kwa sababu mtoto anayeteswa na honi atateswa zaidi na moshi na mikono ya wageni.

Leo jioni, kabla ya safari ya hospitali, keti naye sakafuni. Weka kizibo kimoja chekundu mwishoni mwa mstari wake, usiseme neno, ungoje. Atakachofanya, kiwe cha kwanza katika lile daftari.