Kupogoa Bonsai Nairobi: Fuata Mvua, Usifuate Kalenda ya Japani

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja ameniandikia akiomba msaada. Alisoma katika mwongozo wa kigeni kwamba bonsai, yaani mti unaotunzwa chunguni ubaki mdogo, hupogolewa wakati wa baridi, mti ukiwa umelala, naye akapiga hesabu kwamba baridi yetu ni Julai. Basi akauchukua mgumo wake mdogo, mti wa jamii ya mtini, akaukata matawi karibu yote pamoja na nusu ya mizizi, akaurudisha chunguni na kusubiri. Sasa tumeingia Septemba na mti haujatoa hata jani. Nilimjibu akwangue gome kidogo kwa ukucha: akiona kijani chini yake, mti ungali hai, na dawa ni kuuweka penye jua, kupunguza maji kwa kuwa mti usio na majani hunywa kidogo sana, na kungoja vuli. Hata hivyo swali lake limenichokonoa, kwa sababu hulisikia kwa namna nyingi na chanzo chake ni kilekile. Tunapogoa miti ya Nairobi kwa kalenda ya Japani na Uingereza.

Huko kwao kalenda hiyo ina maana. Siku zinapofupika na baridi kuingia, miti mingi hupukutisha majani na kuweka akiba ya chakula katika shina na mizizi. Mtunzaji akikata mwishoni mwa majira hayo, kabla macho ya matawi, yaani vituo vya kuchipulia, hayajafumbuka, akiba yote husukuma machipukizi mapya. Sisi tuko zaidi kidogo ya digrii 1 kusini mwa Ikweta, urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, na mgumo haulali kwa namna hiyo. Julai na Agosti mti wetu uko macho lakini hauna nguvu: mawingu yametanda, usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, na majani hutengeneza chakula kidogo. Ukiupogoa sana wakati huo unauondolea majani yaleyale yanayoulisha, nao hauna akiba ya kuyarudisha upesi. Majira yanayotuhusu ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Nalisema hili kwa kujiamini, na nadhani nina haki hiyo. Mgumo wangu mkubwa niliutoa katika ufa wa ukuta wa nyumba ya kupanga huko Ngara, ambako bila shaka ndege walikuwa wameangusha mbegu, na mwenye nyumba alikuwa tayari ameshika panga. Shangazi yangu alipouona kwenye chungu alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, “Mwanangu, mti ambao wazee wetu waliomba Mungu chini yake, wewe unaufanya pambo la kibarazani?” Nilimjibu, “Shangazi, ulikuwa unakatwa. Kwangu angalau unapata maji.” Hakuridhika, ingawa siku hizi akija huutembelea mti kwanza, mimi baadaye. Kilichoniuma zaidi kilitokea kwenye maonyesho fulani ya mimea, ambako bwana mmoja anayesifika kwa ujuzi alisimama mbele ya mti wangu na kutangaza, watu wakisikia, kwamba kimelea cha ukutani hakiwezi kuitwa bonsai. Sijalisahau neno hilo. Leo mti huo una mizizi ya hewani iliyoshuka kutoka matawini ikagusa udongo na kunenepa kama nguzo, na baada ya masika yaliyopita mgeni alinitajia bei ambayo ingenilipia kodi ya nyumba kwa muda mrefu. Nilikataa.

Siri yenyewe si kubwa. Mvua za Machi zikishashika na machipukizi yakaanza kujitokeza, ndipo ninapokata matawi makubwa na, ikiwa ni mwaka wa kubadilisha udongo, kupunguza mizizi kwa takriban theluthi moja. Baada ya hapo huyaacha machipukizi yakimbie hadi kufikia majani 6 au 8, kisha huyarudisha hadi 2 au 3. Ncha ya tawi hutoa homoni inayozuia macho ya chini yasichipue. Ukiiondoa, macho hayo huamka na tawi moja huwa mawili. Utomvu mweupe utatiririka, nawe unyunyizie maji na kuufuta. Oktoba mimi hurudia kazi hiyohiyo kwa mkono mwepesi zaidi.

Mvua ya Aprili, hata hivyo, huua bonsai nyingi kuliko kiangazi, hasa zilizopandwa katika ule udongo mweusi wa Embakasi unaoshika maji. Mimi hutumia mawe mepesi ya volkano kutoka Bonde la Ufa, yaliyopondwa na kuchekechwa vumbi, pamoja na samadi kidogo iliyooza vizuri. Mvua ikizidi, inua upande mmoja wa chungu kwa kipande cha tofali ili maji yashuke kwa kasi.

Ndugu msomaji, wewe unayetamani mti utakaowasimamisha watu, acha kukata kwa sababu mkasi ni mpya na Jumamosi huna kazi. Ukishauondoa mkono Juni, usiurudishe hadi Oktoba: ng'oa magugu, safisha majani, tazama tu. Narudia, usikate mti uliodhoofika. Waya unaoufunga kwenye tawi ili kulikunja nao ukaguliwe mara kwa mara wakati wa mvua, kwa sababu tawi la mgumo hunenepa haraka na alama ya waya hukaa miaka.

Mzeituni mwitu huvumilia zaidi na huchipua hata kwenye shina kuukuu. Mtarakwa, yaani mwerezi wetu wa milimani, ni kinyume chake: tawi ukiliondolea kijani chote halichipui tena, hukauka. Yule bwana wa maonyesho alileta mtarakwa ulionyolewa upande mmoja, nami nilimweleza hilo mbele ya watu, kama alivyonifanyia, wala sioni aibu.

Januari na Februari ni miezi ya maji tu. Mwagilia asubuhi mapema hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, na kama mtaani kwenu maji huja kwa zamu, weka ndoo ya akiba kwa ajili ya miti na uvihamishe vyungu vidogo kivulini kuanzia saa sita mchana, kwa sababu chungu kifupi kinaweza kukauka kabisa kabla hujarudi kutoka kazini.