Kupoza Kompyuta ya Gemu kwa Maji Dar es Salaam: Unacholipia Ni Ukimya

Karibu kila anayeiona kompyuta yangu huniuliza inapoa kiasi gani, kwa kuwa imepitishiwa maji, na jibu langu huwavunja moyo wengi. Mfumo wa maji hauwezi kushusha joto la kompyuta chini ya joto la chumba ilimo, kwa sababu kazi ya maji ni kulibeba joto kutoka kwenye prosesa na kadi ya grafiki hadi kwenye rejeta, ambako feni hulipeperusha, na hewa inayopita hapo ni hii hii ya Dar es Salaam. Mwezi wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi 31, maji yangu hutulia kwenye nyuzi 42 hivi gemu nzito ikishachezwa kwa muda, na kadi ya grafiki husoma 56. Wakati huo feni ya dari ndiyo inayosikika, si kompyuta. Ukimya huo ndio niliolipia, na anayefikiria kujenga mfumo kama huu ukanda wa pwani aliweke hilo akilini kabla hajaagiza hata fitingi moja.

Wapo wanaopendekeza barafu kwenye tangi, yaani chombo kinachohifadhi maji ya mfumo. Unyevu wa hewa yetu ni mkubwa mno: mpira uliobeba maji baridi kuliko hewa hutoka jasho kama chupa ya soda mezani, na jasho hilo hudondokea kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta.

Tuanze na kiasi cha joto chenyewe. Kadi yangu ya grafiki, RTX 4080, hutumia hadi wati 320, na prosesa yangu, Ryzen 7 7800X3D, imepangiwa wati 120, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Kwa mzigo huo nilifunga rejeta mbili za milimita 360. Rejeta moja ingefanya kazi, lakini feni zake zingelazimika kukimbia, na kelele ingerudi. Anayefaidika zaidi na maji ni kadi. Prosesa hii haifaidiki sana, kwa kuwa AMD, watengenezaji wake, waliibandika kumbukumbu yake ya ziada juu ya kipande chenye viini vya kufanyia hesabu, hivyo joto lina tabaka zaidi la kupenya kabla ya kuifikia bloku ya maji, yaani kipande cha metali kinachobanwa juu yake na kupitishwa maji. Mwenye fedha kidogo anayetaka kupoza prosesa peke yake ningemshauri anunue kipozeo kizuri cha feni, na kinachobaki akiongeze kwenye kadi.

Kwa mahitaji hayo nilichagua kasha la kompyuta la Lian Li O11 Dynamic, lililotoka mwaka 2018 kwa ushirikiano na Mjerumani anayejulikana kama der8auer, mtaalamu wa kuzisukuma kompyuta zipite kasi yake ya kawaida. Lina nafasi tatu za rejeta za milimita 360, yaani juu, chini na ubavuni, na limegawanywa vyumba viwili, hivyo pawa saplai na msitu wa nyaya hukaa nyuma usikoonekana. Mambo mawili hayaelezwi dukani. Kwanza, huja bila feni hata moja, na rejeta mbili pekee zinahitaji feni 6, kwa hiyo bei ya kasha si bei utakayolipa. Pili, mbele ni kioo kitupu, kwa hiyo hewa huingia kwa chini na ubavuni, na vumbi letu hufuata njia hiyo hiyo. Liweke juu ya meza badala ya sakafuni, na machujio yake uyaoshe mara kwa mara. Taa za rangi nitawaachia wengine.

Wengi hupoteza muda wakibishana kama maji yaanzie kwenye rejeta au kwenye prosesa. Maji yakizunguka kwa lita 4 kwa dakika, wati 440 huyaongezea chini ya nyuzi 2 katika mzunguko mzima, kwa hiyo mpangilio hauna uzito. Fuata njia fupi. Sharti moja tu: tangi liwe juu ya pampu na liilishe moja kwa moja, kwa sababu pampu hizi hupozwa na kulainishwa na maji yale yale, na zikizunguka kavu huharibika.

Mabomba magumu yanapendeza kwenye picha, lakini nilitumia mipira myeusi ya EPDM, aina ya raba ya viwandani. Haina kemikali za kulainisha zinazovuja na kuziba bloku kama baadhi ya mipira ya plastiki inayoangaza, na ukitaka kubadilisha kadi unausogeza mpira pembeni badala ya kukunja bomba jipya kwa moto. Metali nazo zichunguzwe. Bloku za shaba zinadai rejeta za shaba. Rejeta ya aluminiamu ikiingia humo italiwa taratibu, hata maji yawe na dawa.

Maji ya bomba hayafai kabisa. Tumia kulanti, yaani kimiminika cha kupozea, iliyochanganywa kiwandani, au maji yaliyokenekwa (distilled water) pamoja na dawa ya kuzuia mwani na ulikaji. Maduka ya vipuri vya magari huuza maji hayo kwa ajili ya betri, lakini asidi ya betri nayo huuzwa hapo hapo, wakati mwingine kwenye chupa zinazofanana, hivyo soma lebo mwenyewe.

Kabla ya kujaza, nilipima mfumo kwa hewa: pampu ndogo ya mkono yenye geji, shinikizo la nusu bar, kisha kusubiri nusu saa. Sindano ikishuka, kuna oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, iliyokaa vibaya. Pima kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kwa maana chumba kikipoa sindano hushuka kidogo hata pasipo uvujaji. Kisha jaza huku pampu peke yake ikiwa na umeme, ukiinamisha kasha taratibu kila upande ili viputo vitoke. Usawa wa maji utashuka, nawe utaongeza.

Lakini kifaa ambacho ningekinunua kabla ya vyote ni koki ya kumwagia maji, iliyofungwa mahali pa chini kabisa pa mzunguko na kuelekea upande ambao mkono unafika. Kulanti hubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja hivi, na pasipo koki kazi hiyo humaanisha kufungua fitingi juu ya kadi ya mamilioni ya shilingi ukiwa umeshika taulo. Yangu hutoka nyuma ya kasha kwa mpira mfupi wenye kizibo: nafungua kizibo cha juu cha tangi ili hewa iingie, naweka ndoo chini ya meza, na maji yanatiririka yenyewe.