Mtoto wa kwanza alikuwa njiti: niseme kliniki au ninyamaze?

SWALI: Shikamoo bibi mkunga. Nina miaka 24, naishi kijijini huku Newala. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa njiti. Nilikuwa na miezi saba, chupa ikapasuka usiku bila uchungu wowote. Namshukuru Mungu, sasa ana mwaka na miezi mitano. Nina mimba nyingine ya miezi minne na kliniki nimeshaanza, ila habari ya njiti sikuitaja. Mama mkwe kanikataza, anasema nikilitaja nitaliita. Shoga yangu naye ananiambia nilale ndani tu mpaka nijifungue. Halafu, ni kweli mtoto wa miezi saba hupona kuliko wa minane?
Mama Njiti, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mkwe mheshimu kwa mengine yote, hili hapana. Katika mambo yanayotuonyesha kwamba mama fulani anaweza kujifungua kabla ya wiki 37, kuwahi kuzaa njiti ni miongoni mwa makubwa kabisa. Na nesi hawezi kulijua kwa kukupapasa tumbo. Rudi kliniki wiki hii, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Mwambie kama ulivyoniandikia: miezi saba, chupa ilipasuka yenyewe, uchungu haukuwepo. Aliyezalishwa mapema kwa sababu presha ilipanda hufuatiliwa kwa njia nyingine. Kwako wewe tutaanza kuwaza maambukizi na mlango wa kizazi.

Huo mlango ndio unaonifanya nikuharakishe. Kati ya wiki 16 na 24 daktari anaweza kuupima urefu kwa ultrasaundi ya kupitia ukeni. Ukiwa chini ya milimita 25, kwa mama mwenye historia yako, kuna dawa ya homoni ya projesteroni, na wengine hushonwa uzi kwenye mlango huo usifunguke mapema. Wewe umo ndani ya muda huo sasa hivi. Omba rufaa kwenda hospitali yenye kipimo hicho.

Mkojo upimwe hata kama hauungui, maana vijidudu hukaa kimya. Damu ipimwe wingi wake na kaswende. Ukiona uchafu wenye harufu, sema, wala usijisafishe ndani kwa maji ya dawa za majani. Najua mnashauriana hayo kisimani!

Malaria sasa. Huku kwetu Mtwara na Lindi tumeizoea mno, na ndilo kosa letu. Hujificha kwenye kondo la nyuma, mama akatembea mzima huku mtoto anakosa chakula. Vidonge vya SP huanza wiki ya 13, kila dozi ikipishana na nyingine angalau mwezi, zisipungue tatu. Meza hapo hapo mbele ya nesi. Lakini kama unatumia Septrini, mwambie kwanza, hizo mbili hazitumiki pamoja. Chandarua kiende nawe hata mkihamia kulala shambani msimu wa korosho.

Umebeba mimba hii mapema kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kukaa angalau miaka miwili baada ya kujifungua. Limeshapita, sikulaumu, ila nalo litaje.

Kulala ndani kutwa hakuzuii njiti. Pika, fagia, tembea. Ndoo ya lita 20 kutoka bondeni mwachie mumeo na baiskeli yake.

Habari ya miezi saba na minane nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa ukunga, na si kweli. Kila wiki anayokaa tumboni humwongezea mapafu na nguvu ya kunyonya.

Jifunze pia kulisikiliza tumbo lako. Weka kiganja karibu na kitovu. Likikaza likawa gumu kama paji la uso, kisha likaachia, na likarudia mara nne au zaidi ndani ya saa moja, ondoka nyumbani. Maji yakitoka hata kidogo, au damu, ondoka pia, usiku huo huo. Kati ya wiki 24 na 34 hospitali zenye huduma ya njiti huweza kukuchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, nazo zinahitaji muda kabla hajazaliwa. Nauli ya kukufikisha muiweke pembeni tangu sasa, msingoje pesa ya mnada wa korosho.