Ndege wote wameruka kwa mkupuo, nawahesabuje? Majibu kwa binti wa Tegeta

Swali: Shikamoo dada. Mi ni binti wa miaka 24, naishi Tegeta, nimemaliza digrii ya sayansi ya mazingira na ajira bado sijapata. Ndege nawapenda toka mdogo na nimesikia Januari kuna sensa ya ndege wa majini, wanachukua watu wa kujitolea. Nikaona nianze kujifua mwenyewe, nimeenda Ununio mara 2 asubuhi, mara zote kundi kubwa likaruka lote kabla sijafika hata 50, nikaandika "wengi sana". Sasa nyie mnahesabuje? Ninunue darubini gani? Na kiukweli mwanamke anafika mbali kwenye kazi hii, maana nyumbani wananicheka wananiambia ndege na wewe wapi na wapi. Nimekutumia na picha ya ndege mmoja simjui.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo "wengi sana" yako imenichekesha, maana daftari langu la kwanza limejaa hivyo hivyo, kuna ukurasa nimeandika "wengi mno" alafu mbele nimeweka alama ya mshangao, kana kwamba hiyo alama itamsaidia mtu kujua walikuwa 200 au 2,000.

Tuanze na kuhesabu kwanza, ya nyumbani nitayafikia. Kosa lako la kwanza wala sio la macho, ni la saa. Umeenda asubuhi, na pwani yetu ya Dar inatazama mashariki, kwahiyo jua la asubuhi linakupiga usoni na ndege wote unawaona weusi tu kama vivuli, hapo hata mimi na miaka yangu yote nitabahatisha. Pili hujaniambia maji yalikuwaje. Maji yakiwa yamekupwa ndege wanatawanyika kwenye matope mpaka kule mwisho, hata darubini haiwafikii vizuri, na maji yakianza kujaa yanawasukuma taratibu waje kwako, wanabanana kwenye kipande cha mchanga au pembeni ya mikoko wakisubiri yapwe tena. Hapo ndo pa kuhesabia. Na Mungu katupendelea, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa kwetu maji yanajaa mida ya saa kumi alasiri hivi, kwahiyo ukifika saa nane unakuta maji yanapanda, ndege wanasogea na jua liko mgongoni kwako. Maji mafu, yale ya siku za katikati ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, hayasukumi hivyo, siku hizo unaweza kukaa mchana kutwa na wasisogee. Angalia jedwali la maji kabla hujapanda daladala, au muulize mvuvi yeyote.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Usihesabu mmoja mmoja kundi likiwa kubwa. Hesabu 10 vizuri kabisa, waangalie hao 10 wanachukua nafasi kiasi gani kwenye macho yako, alafu hilo pande la 10 unalihamisha kama mtu anayepima unga kwa kibaba, 10, 20, 30, mpaka mwisho wa kundi. Likiwa kubwa zaidi unatengeneza pande la 50 au la 100 kwa njia hiyo hiyo. Anza upande mmoja uishie upande wa pili, usirudi nyuma hata kama umeona kitu kizuri. Wakiruka usipanik, wakiwa hewani ndo wakati mwingine unawaona vizuri maana hakuna anayejificha nyuma ya mwenzie, piga na picha ya simu 2 au 3, ukifika nyumbani ikuze weka vidoti uhesabu kweli kweli, ulinganishe na ulichoandika ufukweni. Utagundua kitu ambacho karibu wote tunacho: kundi kubwa macho yanalipunguza. Mimi nilikuwa naandika 300 kumbe ni 450. Ukishajua macho yako yanadanganya kwa kiasi gani utaanza kuyarekebisha. Ila namba uliyoandika ufukweni usiifute, andika zote mbili.

Wakiwa wamechanganyika, jumla kwanza, spishi baadaye. Chukua idadi ya wote, alafu chagua vipande 3 au 4 vya kundi uangalie katika kila ndege 50 wangapi ni nini, unagawa jumla kwa uwiano huo. Na wale wadogo wa kijivu, chamchanga na vitwitwi, ambao Januari wote wamevaa sare moja ya kijivu sababu manyoya ya kuzalia watayavaa karibu na safari ya kurudi Siberia na huko kaskazini, usipomjua andika "mdogo wa ufukweni, hajatambuliwa". Hiyo ni data halali kabisa. Jina la kubahatisha ni uongo wenye sura ya sayansi, na ukishaingia kwenye kanzi data hautoki leo wala kesho.

Kwanini nasisitiza hivi? Kwasababu hizo namba zinatumika. Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, una vigezo vyake, ardhi oevu inayopokea ndege wa majini 20,000 au zaidi kwa kawaida inahesabika kuwa na umuhimu wa kimataifa, au inayopokea asilimia 1 ya ndege wote wa spishi fulani wanaotumia njia moja ya uhamaji. Sasa fikiria mtu kaongeza chumvi, au kaandika "wengi sana", mtu wa kupanga mipango atafanya nini nayo. Delta ya Rufiji pamoja na Mafia na Kilwa iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2004, na maeneo kama hayo hayatetewi na picha nzuri peke yake, yanatetewa na watu waliokaa juani wakahesabu miaka na miaka. Sensa yenyewe kimataifa inafanyika toka 1967, chini ya Wetlands International, na Januari imechaguliwa sababu ndege wahamiaji wanakuwa wametulia huku kwetu.

Kila unapotoka andika tarehe, sehemu, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, maji yalikuwaje, mlikuwa watu wangapi, alafu ndege wote uliowatambua, sio wale wa kuvutia tu. Na ukienda usione kitu, andika sifuri. Watu wanaona aibu kuandika sifuri lakini sifuri iliyoandikwa vizuri miaka 5 mfululizo ndo inayotuambia ndege wameondoka. Baadaye uingize eBird au BirdLasser, zote ni apu za bure, ya kwanza inaendeshwa na maabara ya ndege ya Cornell kule Marekani, ya pili inatumika sana kwenye atlasi za ndege Afrika, yaani ramani za ndege gani anapatikana wapi. Zile apu zinazosikiliza sauti ya ndege zikakutajia jina lake tumia, mi mwenyewe natumia, ila zichukulie kama jirani mwenye maneno mengi, anakudokeza tu, kwenda kuhakikisha ni kazi yako.

Na mazoezi huna haja ya kupanda gari. Hapo kwenu Tegeta kunguru si wapo? Basi jioni kwenye saa kumi na mbili tafuta njia wanayopita kwenda kulala kwenye miti mikubwa, kaa na daftari uhesabu kwa mapande kila dakika 5. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu sio wa kwetu asili, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie usafi, na matokeo yake kila mtu wa Dar anayajua, wanakwapua hadi chapati mkononi na wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Wakufundishe basi angalau kuhesabu, bure. Ukikaa mwezi mzima utakuwa na seti ya data ya kwako, unaichora kwenye Excel, ukipata nguvu unajifunza R, ile programu ya takwimu, na hiyo kwenye usaili wa kazi inaongea kuliko sentensi ya "I love nature" ambayo wote wameiandika.

Darubini: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Chukua 8x42 kama hela inatosha, isipotosha 8x32. Usidanganywe na zile za Kariakoo zilizoandikwa 60x60 au namba za kutisha, hizo namba mara nyingi ni mapambo, na hata zingekuwa kweli mkono wako ungetetemeka usione kitu. Jaribu kabla ya kulipa, angalia maandishi ya bango la mbali, ukiona picha 2 zinapishana au kichwa kinauma rudisha. Teleskopu usinunue, kwenye sensa kundi zima linatumia moja, na hiyo ni hela ya kiwanja cha Chanika.

Haya sasa ya nyumbani. Wanaokuuliza ndege na wewe wapi na wapi waambie kazi ya atlasi ya ndege wa Tanzania, nchi yenye spishi zaidi ya 1,100, imeratibiwa toka miaka ya 1980 na Liz Baker na mumewe Neil. Nairobi kuna matembezi ya ndege ya kila Jumatano ambayo Fleur Ng'weno ameyaongoza toka 1971. Uganda wanawake wamejiundia chama chao kabisa, Uganda Women Birders, 2013, na wengi wamepitia hapo wakawa waongoza watalii wa ndege wanaolipwa. Na ninayempenda mimi ni Margaret Morse Nice, mmarekani, hakuwa na ajira ya chuo, alikuwa mama wa watoto, akawavisha pete za rangi miguuni shomoro waimbaji waliokuwa jirani na nyumba yake kule Columbus, Ohio, akawafuatilia mmoja mmoja miaka mingi, na utafiti ule mpaka leo wanafunzi wanausoma. Daftari na uvumilivu tu, na ndege wa uani kwake.

Tena kuna kitu kimoja wanaume wengi walikipita miaka na miaka. Vitabu vilikuwa vinasema ndege anayeimba ni dume. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na mwanamke, Karan Odom, wakapitia taarifa zilizopo wakakuta jike anaimba katika asilimia 71 ya spishi walizozichunguza. Hata we fanya jaribio, mwangalie chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, kwenye bustani ya jirani yako, dume linang'aa kila mtu analipiga picha, jike la kijivu kijivu limekaa hapo hapo kwenye tawi na hakuna anayeliandika. Jifunze majike mapema, utawazidi wengi.

Ila sikudanganyi, kuna maudhi. Nilishawahi kwenda kambi moja ya kunasa ndege kwa nyavu, nimefika na vifaa vyangu nikakuta nimepangiwa jikoni, eti vijana wa kiume waende kwenye nyavu. Nikapika siku ya kwanza, ya pili nikaamka saa kumi usiku nikawa wa kwanza kwenye nyavu, uji wakapika wenyewe na uliungua. Mara nyingine data yangu ya miezi 7 ikatoka kwenye ripoti bila jina langu. Kwahiyo kabla ya kujitolea uliza, na uliza kwa maandishi: nauli nani analipa, chakula je, nitalala wapi na nani, data ikitumika nitatajwa vipi. Anayekasirika kuulizwa hayo keshakujibu. Na kunasa au kuvisha pete usijaribu mwenyewe, utafiti wa wanyamapori unataka kibali kupitia TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, na mkono unafundishwa na mtu mwenye uzoefu kwa muda mrefu, ndege mdogo ukimbana kifua anakufa kiganjani.

Ufukweni usiende peke yako. Maji ya bamvua yanapanda haraka, nimeshaona mtu mzima akivutwa kutoka matopeni kama gari. Pita serikali ya mtaa ujitambulishe, usielekeze darubini kwenye kambi ya jeshi hata kama kuna ndege wa ajabu juu ya ukuta, simu weka ndani ya nguo. Malapa yatabaki kwenye tope, vaa raba za kufunga ambazo huzionei huruma. Choo hakuna, kwahiyo beba kanga, ndo pazia, ndo kilemba, ndo kila kitu, na kama uko kwenye siku zako beba na mfuko wa kurudi na takataka zako, mi sioni aibu kuyasema haya maana mimi hakuna aliyeniambia. Alafu kaa jirani na wamama wanaookota chaza na kombe. Wao wanajua wapi tope linameza na maji yanageuka saa ngapi, na ukiwasalimia vizuri watakuonyesha hata wale weupe na weusi wenye mdomo mnene wanaokula kaa, Dromas ardeola, ambao kuna watu wanatoka Ulaya kuja kuwatafuta.

Kujiunga na sensa waandikie Nature Tanzania, ndo washirika wa BirdLife, shirika la kimataifa la kulinda ndege, hapa nchini, au idara ya zuolojia pale Mlimani. Waandikie sasa, usisubiri Desemba, na ambatanisha kurasa 2 au 3 za daftari lako. Ukitaka kuendelea na shule kuna SUA, chuo kikuu cha Sokoine kule Morogoro, na kuna chuo cha wanyamapori cha Mweka, ambacho kipo toka 1963, lakini usiende kuomba ukiwa na cheti peke yake.

Picha yako: huyo ni sululu mdogo, Numenius phaeopus. Mdomo umepinda kwenda chini na kichwani ana mistari, wa giza 2 na katikati mmoja mweupe, hiyo ndo inamtofautisha na sululu mkubwa mwenye mdomo mrefu zaidi na kichwa kisicho na mistari. Umeandika vizuri tarehe, saa na sehemu. Maji yalikuwaje?