Zima vikorombwezo kwanza, mdogo wangu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja anayejifunza kazi hapa studio alinifungulia laptopu yake kwa furaha tele. Saundi kadi kaipandisha hadi 192 kHz, yaani vipimo vya sauti (sampuli) 192,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 24. Wimbo wenyewe ni MP3 aliyorushiwa WhatsApp, na sauti inatokea kwenye spika ya Bluetooth. "Kaka, hebu sikia ubora huo!" Nikasikia. Huyo ni wa tatu mwaka huu, na wote watatu nawapenda, wana masikio mazuri na bidii ya kweli. Lakini nimechoka kueleza jambo lile lile nikiwa nimesimama mlangoni na funguo mkononi, kwa hiyo leo naliandika.

1. Namba ya saundi kadi ifuate namba ya wimbo.

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuja na 44.1 kHz na biti 16, na nyimbo nyingi mlizonazo bado ziko hapo hapo. Sauti za video kwa kawaida ni 48. Sasa, Windows hukusanya sauti za programu zote kwenye kapu moja kabla ya kuzipeleka kwenye saundi kadi, na chochote kisicholingana na namba uliyoweka hukokotolewa upya. Ukiweka 192, wimbo wako wa 44.1 unabuniwa sampuli ambazo hakuna aliyezirekodi. Kikombe cha maji ukikimimina kwenye pipa, unabaki na kikombe cha maji. Tena hiyo 44.1 mnayoidharau inabeba sauti zenye mitetemo hadi 22.05 kHz (mitetemo 22,050 kwa sekunde), wakati sikio zima la kijana linaishia kama 20. Hizo za juu zaidi mwachieni popo. Biti 24 iacheni ilivyo, ina faida nitakayoitaja huko chini.

Pa kubadilishia: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, dirisha la sauti litafunguka. Wenye Mac, fungueni programu ya Audio MIDI Setup, na msitegemee namba ibadilike yenyewe kila wimbo unapobadilika. Ukitaka kukwepa lile kapu kabisa, tumia programu ya kuchezea muziki kama foobar2000 na uiruhusu ishike saundi kadi peke yake kupitia WASAPI, njia ya Windows ya kupeleka sauti.

2. Zima vikorombwezo vyote, yaani nyongeza za sauti ambazo kompyuta hupachika juu ya wimbo.

Hapa nakaa kitako.

Mwaka 2013 mzee mmoja aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya dansi aliniletea kanda mbili za kaseti. Zilikuwa na nyimbo 14, mazoezi na maonyesho ya ukumbini, na hakuna kwingine zilikokuwepo. Alitaka zihamishiwe kwenye CD wajukuu wake wamsikie enzi zake. Nilikuwa na laptopu mpya, hedifoni nzuri, na nilitaka sana kumfurahisha.

Nikarekodi kanda zote vizuri kabisa. Kisha nikaanza kusafisha. Nikaona besi imezidi, inavuma kama lori linalopanda mlima. Nikaipunguza. Bado. Mwisho nikakata kila kitu chini ya 120 Hz (mitetemo 120 kwa sekunde). Nikaona pia ile "shiii" ya kanda ni kubwa mno, nikakata na huku juu. Usiku wa nne nikasikiliza zote 14, nikaridhika. Nikahifadhi kazi yangu juu ya mafaili yale yale ya mwanzo, ili kuokoa nafasi. Nikachoma CD, nikamrudishia mzee kanda zake.

Siku mbili baadaye akanipigia. Aliwakusanya watoto na wajukuu sebuleni, wakaisikiliza yote. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, nimewasikia wenzangu wote. Mimi sijajisikia."

Nilikwenda kwake. Akaweka CD kwenye redio, tukakaa, na ulipofika mwanzo wa sebene vidole vyake vikaanza kutembea juu ya goti. Solo linasikika, ridhimu inasikika, tumba zinasikika. Vidole vinatembea, na hakuna kinachotoka. Waya mnene wa gitaa la besi unavuma kuanzia kama 41 Hz. Mimi nilikuwa nimeupiga marufuku mkono wake wote.

Kilichotokea nilikijua usiku ule, nilipofungua mipangilio ya sauti. Kulikuwa na tiki mbili ambazo sikuziweka, zilikuja na laptopu: moja ya kuongeza besi, nyingine ya kunyanyua sauti ndogo zilingane na kubwa. Faili lenyewe Windows haikuligusa. Iligusa kile kilichofika masikioni mwangu. Besi niliyoiona imezidi haikuwemo kwenye kanda, na ile "shiii" ilikuwa nusu ya nilivyoisikia. Usiku nne nilikuwa natibu ugonjwa wa laptopu kwenye mwili wa mzee.

Nikaziomba kanda tena. Ya kwanza ilicheza salama. Ya pili redio ya mzee ilikuwa imeshaitafuna, utepe umejikunja na kukatika vipande. Nyimbo saba za kanda hiyo zimebaki kwa namna moja tu duniani, ile niliyoiharibu mimi. Nimejaribu kuirudisha besi yake kwa kila programu ninayoijua, na kinachopanda ni mvumo tu. Mzee alinisamehe siku ile ile, tukanywa chai. Alifariki 2019. Mimi bado sijamaliza na jambo hilo.

Kwa hiyo nikikukuta umeacha tiki hata moja kwenye ukurasa ule, au umewasha sauti ya "ukumbi" au ya "sinema", nitakupigia kelele. Nivumilie. Na faili la mwanzo haliguswi, hata kama diski imejaa. Futa picha.

3. Bluetooth ina milango miwili.

Mmoja wa muziki, mmoja wa simu. Programu ikifungua maikrofoni ya kifaa chako cha Bluetooth, sauti inaweza kuhamia mlango wa simu, na wimbo wako unatoka kama tangazo la kituo cha basi. Kijana wetu mmoja alikuwa anapiga muziki kwenye sendofu, akaambiwa awaunganishe ndugu walioko Muscat kwa video kwenye laptopu ile ile. Simu ikapokelewa bi harusi akiwa anaingia. Wimbo ukanywea, maana Windows nayo ina tabia ya kushusha sauti nyingine kwa asilimia 80 ikihisi kuna maongezi. Shangazi za bi harusi wakaendelea kuimba bila muziki, na kusema kweli waliimba vizuri, lakini yule kijana alitoka jasho mpaka kwenye soksi. Kwenye mmsys.cpl kuna ukurasa wa mawasiliano: chagua isifanye chochote. Na kwenye shughuli ya watu, tumia waya.

4. Sauti ya programu iache juu, punguzia kwenye mikisa au amplifaya. Ukilazimika kupunguzia ndani ya kompyuta, ndipo biti 24 inapokufaa, maana kila biti ni kama desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) na unazo za kutosha kupoteza. Ukiongeza besi kwenye ikwalaiza kwa desibeli 5, shusha sauti nzima kwa 5, la sivyo wimbo utakwaruza.

5. Sikiliza kwa kifaa cha pili kabla hujakabidhi kazi. Simu ya mama yako inatosha.

Kijana wa Jumamosi nimemkalisha, tumezima kila kitu, nikampa hedifoni ya waya na wimbo mmoja wa mzee kutoka kanda iliyopona, niliourekodi upya na kuuacha bila kuugusa. Nikamwambia asinieleze habari za ubora. Aniambie tu besi inaingia kwenye pigo la ngapi sebene linapoanza. Jana usiku kaniandikia: "La tatu, kaka."

Ni la nne. Nimemwambia arudie.