Taya Langu Hutoka Mara kwa Mara: Je, Nikubali Upasuaji?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 34, fundi cherehani mkoani Morogoro. Tangu mwaka jana taya langu limetoka mara sita. Mara ya kwanza nilikuwa napiga miayo, mara ya mwisho nilikuwa nauma embe. Kinywa hubaki wazi, mate yanachuruzika na kusema siwezi, hadi nifikishwe hospitali nirudishiwe. Sasa nimeshauriwa kufanyiwa upasuaji, nami naogopa uso kupinda au kinywa kukaza moja kwa moja. Hakuna njia nyingine?

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa mateso hayo.

Weka kidole mbele kidogo ya sikio, kisha fungua kinywa taratibu: utahisi kichwa cha mfupa wa taya kikiteleza kwenda mbele. Mbele yake kuna kinundu cha mfupa wa fuvu. Kwako, kano zinazoshikilia kiungo zimelegea, hivyo kichwa hicho huvuka kinundu, na misuli ya kutafuna inapokaza hukibana hukohuko kisiweze kurudi.

Kwanza mweleze daktari dawa zote unazotumia. Metoklopramaidi ya kuzuia kutapika, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, zinaweza kukaza misuli hadi taya likatoka. Hapo hubadilishwa dawa, hakupasuliwi mtu. Usiache dawa yoyote bila kumwuliza aliyekuandikia.

Njia nyingine ipo, na ningependa uulizie kama ulishaijaribu. Daktari huchota damu yako mwenyewe mkononi, akachoma mililita chache ndani ya kiungo na kandokando yake, kisha taya hufungwa bandeji nawe ukala vyakula laini kwa wiki kadhaa, ili kovu linalojengeka likaze kiungo. Wengine huhitaji kurudiwa sindano hiyo.

Ikishindikana, upasuaji ni uamuzi wa busara. Hufanywa kwa nusu kaputi, kwa kupasua mbele ya sikio, na njia zake kuu mbili zinakwenda kinyume kabisa. Ya kwanza, aliyoieleza daktari aitwaye Myrhaug mwaka 1951, ni kukiondoa kinundu chenyewe: taya bado linaweza kwenda mbele, lakini halina tena cha kulizuia kurudi. Ya pili ni kukata mfupa wa shavu na kuushusha mbele ya kichwa cha taya, uwe kizuizi kisichovukika. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, hutangulia, kwa sababu vinundu vingine vina vyumba vya hewa ndani na daktari lazima avijue kabla ya kukata.

Kuhusu hofu zako: kinundu kikiondolewa, kinywa hakikazwi, ila lazima ufanye mazoezi ya kukifungua kama utakavyoelekezwa. Uso ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa tawi la neva linaloinua nyusi hupita karibu na kidonda. Nyusi ya upande huo inaweza kulegea kwa wiki au miezi, mara nyingi ikapona, mara chache isipone. Kiungo kinaweza pia kubaki kikilia, na wapo ambao taya hutoka tena. Mwombe daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya akueleze hayo yote kabla hujatia saini.

Kwa sasa, mwayo ukija, weka ngumi chini ya kidevu, na embe ulikate vipande vidogo. Taya likitoka, wahi hospitali saa hiyohiyo kabla misuli haijakaza zaidi, wala usikubali kuvutwa na mtu asiye na ujuzi.