Kitabu cha sanaa kuhusu kinamasi kinachokauka: anza na kinachotendeka, si na picha

Ndugu, umeuliza namna ya kutengeneza kitabu cha sanaa, yaani kitabu ambacho chenyewe ni kazi ya sanaa, kuhusu kinamasi kinachokauka bila kukigeuza kuwa albamu ya michoro ya mimea. Kwa uzoefu wangu wa kutengeneza vitabu vya aina hii kwa mikono, tambua kwanza kinachotendeka katika mazingira yenyewe, ndipo utafute rangi, karatasi na mkunjo utakaotenda vivyo hivyo.

Chukua mfano huu: mwaka 1843, nchini Uingereza, mtaalamu wa mimea Anna Atkins alianza kutoa kwa sehemu kitabu chake cha mwani, kazi aliyoikamilisha mwaka 1853. Alitumia mbinu ambayo mwanasayansi John Herschel aliigundua mwaka 1842: aliulaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, akaianika juani, kisha akaiosha kwa maji, na umbo la mwani likabaki jeupe katikati ya bluu. Mmea ulishiriki wenyewe kuchapa ukurasa, na hilo ndilo ninalolithamini zaidi katika kazi ile.

Kwako wewe, hata hivyo, bluu hiyo ni ya kudumu mno. Ningechagua anthotaipu, ambayo rangi yake ni maji ya mimea yenyewe. Ponda petali au majani, chuja, paka karatasi, ikaushe gizani, kisha laza jani juu yake, funika kwa kioo na uiweke juani. Mahali palipoachwa wazi hupauka polepole, kwa saa kadhaa au hata wiki kadhaa kutegemea mmea, ilhali chini ya jani rangi hubaki. Hakuna dawa ya kuaminika ya kuigandisha picha hiyo, kwa hiyo kila anayekifungua kitabu penye mwanga huondoka na sehemu ya rangi yake. Wapo wanaouona huo kuwa udhaifu. Mimi naamini kwamba kwa kitabu kinachohusu upotevu, hiyo ndiyo hoja yenyewe, na msomaji huielewa bila kuelezwa.

Umbo nalo lifuate maji: karatasi moja ndefu inayokunjwa mbele na nyuma, yenye kurasa zinazozidi kuwa fupi kadiri kinamasi kinavyosinyaa. Kwa kugawia watu wengi, tengeneza pia kijarida cha kurasa 8 kutokana na karatasi moja iliyokunjwa na kukatwa mara moja tu katikati. Ukikikunjua, upande wa nyuma unatosha ramani nzima.

Usiipake kazi hii plastiki, na usichume mmea ulio adimu, kwa sababu majani yaliyoanguka yanatosha. Kwenye ukurasa wa mwisho andika jina la kila mmea, tarehe na mahali ulipouokota, ili atakayefika pale baada ya miaka mingi aweze kulinganisha.